Adabu Moja, Vipimo Viwili



Leo nataka kukiri kosa langu mbele yenu. Si kosa langu peke yangu, na nadhani baadhi yenu mtajiona ndani yake.

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tulikuwa tumeketi kivulini mwa mwembe karibu na kanisa, hapa Kolwezi. Tulikuwa watu saba: mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mgodi, walimu watatu nikiwa mmoja wao, na vijana watatu wa parokia. Kijana mmoja akatoa simu yake, akatuonyesha video fupi ya bibi mmoja mwenye cheo katika siasa. Bibi huyo alikuwa karamuni, anakula bukari na samaki kwa mkono. Tonge lake lilikuwa kubwa, na mchuzi ukamdondokea kidogo juu ya kikwembe chake kizuri. Hayo tu. Tukacheka. Kijana akairudia, tukacheka tena mpaka machozi yakatutoka. Yule mzee akatikisa kichwa akasema, "Mwanamke asiyejua kula mbele ya watu, ataweza nini mbele ya nchi?" Sisi walimu tukaitikia. Nami nikaongeza neno langu la mzaha, ambalo sitaliandika hapa.

Nyuma yetu alikuwa amesimama msichana mmoja, mwanafunzi wangu wa darasa la tano la sekondari, akimngoja baba yake. Mimi sikumwangalia.

Juma lile lile wanafunzi wa darasa lake walipaswa kumchagua mkuu wa darasa. Wote walijua ni nani atakayechaguliwa. Ni yeye, maana ana akili, ana subira, na wenzake humsikiliza. Nilipolitaja jina lake alisimama, akasema kwa upole, "Mwalimu, naomba jina langu lifutwe." Baada ya masomo nikamwita, nikamwuliza sababu. Akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwalimu, Jumapili niliwasikia. Mimi sitaki kuwa mtu wa kuchekwa."

Wasomaji, sikuwa na jibu. Jioni ile nilimwomba yule kijana anipelekee ile video, nikaitazama peke yangu, taratibu. Nikaona jambo ambalo sisi saba hatukuliona. Kuume kwa yule bibi aliketi mheshimiwa mmoja, na kushoto kwake mwingine, wote wanaume. Wote wawili walikuwa wakila bukari ile ile, kwa mkono vile vile, na mmoja wao alikuwa akisema na huku kinywa kimejaa. Hatukumcheka huyo. Kwa kweli hatukumwona hata kidogo.

Hiyo ndiyo habari ninayotaka tuizungumze leo. Adabu ni moja, lakini vipimo tunavyoitumia ni viwili.

Sitaki mtu aseme kwamba mwalimu anaidharau adabu. Mimi nimelelewa misheni, na kila siku nawafundisha watoto kusimama mkubwa anapoingia, kupokea kitu kwa mikono miwili, kutomkatiza mtu maneno yake. Wazee wetu wa Lualaba nao, Walunda, Wasanga, Wandembo, Wachokwe na wengineo, wana desturi zao za heshima: namna ya kupiga makofi ya salamu, namna ya kuinama mbele ya chifu, namna ya kumkaribisha mgeni. Kwa adabu twamwambia jirani, bila maneno, kwamba twamhesabu kuwa mtu. Ni kitu chema, na nyumba isiyo na adabu haikaliki.

Lakini adabu ni deni la kila mtu kwa kila mtu. Ikiwa yadaiwa upande mmoja tu, si adabu tena. Imekuwa kamba ya kumfunga mwenzio.

Tusidhani pia kwamba jambo hili ni la Kolwezi peke yake. Twende kwanza kwa jirani zetu wanaosema Kiswahili kama sisi. Tarehe 1 Juni 2021, katika Bunge la Tanzania mjini Dodoma, mbunge mmoja mwanamume alisimama kulalamika juu ya mavazi ya mbunge mwenzake, mwanamke wa jimbo la Momba. Mama huyo alikuwa amevaa suruali. Kanuni za Bunge hazikuwakataza wanawake kuvaa suruali, ila isiwe ya kubana, na mlalamikaji aliona kwamba hii yabana. Spika wa wakati ule, Bwana Job Ndugai, akamwamuru mama atoke, akavae vizuri, ndipo arudi. Akatoka mbele ya wenzake wote. Baadhi ya wabunge wanawake walidai kwamba aombwe radhi. Habari ikaenea Afrika nzima, na watu wakajadili suruali kwa siku nyingi. Je, ni nani anayekumbuka leo kwamba siku ile Bunge lilikuwa likijadili nini? Mambo ya nchi yalifunikwa na kipande cha nguo.

Huko Kenya, tarehe 7 Agosti 2019, Bibi Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini mwa Bunge akiwa amempakata mtoto wake wa miezi mitano, maana siku hiyo hakupata mtu wa kumwachia. Kelele zikapigwa. Kanuni haikumruhusu mgeni kuingia ukumbini, na mtoto mchanga alihesabiwa kuwa mgeni. Mama akaamriwa atoke na mwanawe. Yeye alieleza kwamba kama Bunge lingekuwa na chumba cha watoto, angemwacha mwanawe humo. Na tazameni jambo hili: Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 ilikwisha kuwataka waajiri waweke chumba cha mama kunyonyeshea. Basi aliyevunja adabu alikuwa nani? Mama aliyekuja kazini na mtoto, au nyumba iliyokuwa haijamwandalia mahali?

Tena, tarehe 14 Februari 2023, katika Seneti ya nchi hiyo hiyo, Bibi Gloria Orwoba aliamriwa atoke akabadilishe nguo, kwa sababu suruali yake nyeupe ilikuwa na doa la damu ya mwezi. Wako waliosema kwamba ameivunjia Seneti heshima. Yeye alikuwa akipigania wasichana wa shule wapewe bure vitambaa vya kujihifadhia. Wasomaji walio walimu wanajua kwa nini ninaitaja habari hii katika gazeti la jamaa za Kikristo. Katika madarasa yetu wako wasichana wanaokosa masomo siku kadhaa za kila mwezi, nao huona aibu kusema sababu. Wanapoona kwamba hata seneta hufukuzwa kwa ajili hiyo, watamwambia nani shida yao?

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya Afrika, na kwamba Ulaya wamekwisha kuyashinda. Sivyo. Mwaka 2018 Bibi Theresa May, Waziri Mkuu wa Uingereza, alichekwa kwa kuwa alipiga goti chini mno alipomsalimu mwana wa mfalme. Mwezi ule ule wa Agosti alikuja Afrika, akacheza ngoma na vijana huko Cape Town, kisha Nairobi, akachekwa tena kwamba mwili wake ni mgumu kama ubao. Mwaka uliofuata akaja mahali pake Bwana Boris Johnson, ambaye nywele zake zilikuwa daima zimetimuka kama za mtu aliyeamka sasa hivi. Wengi walizipenda nywele hizo, wakasema kwamba ni mtu wa watu. Kama bibi yule angetoka nyumbani na nywele za namna hiyo hata siku moja, nadhani nyote mwajua magazeti yangeandika nini.

Sasa turudi kwetu Kongo. Mwezi wa Aprili 2019 Bibi Jeannine Mabunda alichaguliwa kuwa Rais wa Bunge la Taifa, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Tarehe 10 Desemba 2020 wabunge walimwondoa kwa kura. Kumwondoa ilikuwa haki yao, wala sina neno juu ya siasa hiyo. Lakini siku chache kabla ya kura ile, ndani ya Jumba la Watu huko Kinshasa, waheshimiwa walipigana. Viti vilirushwa, meza zikavunjwa, na dunia nzima ikaona. Katika Bunge lile wanawake walikuwa kama sehemu moja tu ya kumi, basi walio wengi mle walikuwa wanaume. Je, mmesikia mtu akisema, "Tazameni, wanaume hawana adabu, wasipewe tena uongozi"? Mimi sijasikia. Tulisema kwamba ni siasa. Mwanamume akivunja kiti twasema kwamba ni siasa, na mwanamke akidondosha mchuzi twasema kwamba wanawake hawawezi.

Hapo ndipo palipo tofauti. Mwanamume akikosea, kosa ni lake mwenyewe, kwa jina lake. Mwanamke akikosea, kosa lahesabiwa kuwa la wanawake wote, hata la mtoto wa kike anayesimama nyuma yetu akimngoja baba yake. Tena mara nyingi hana njia ya kutokea. Akipiga magoti mbele ya chifu, watu husema kwamba ameishusha serikali. Asipopiga, husema kwamba shule imempandisha kichwa, amesahau mila. Akisema kwa sauti ndogo, hana nguvu. Akisema kwa sauti kubwa, ni mgomvi. Akivaa vizuri, fedha imetoka wapi? Akivaa hivi hivi, anatutia aibu. Mtihani wa namna hiyo, ambao kila jibu ni kosa, mwalimu hawezi kuuita mtihani.

Ubaya wa kicheko hiki si kwamba kinamwumiza bibi mmoja tu. Kicheko hufunika jambo lenyewe. Mwaka 1989 huko Kenya, Profesa Wangari Maathai aliandika barua kupinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru, katikati ya Nairobi. Wangari alikuwa mwanafunzi wa shule za misheni. Alisoma kwa masista huko Nyeri na Limuru, kisha kwa Wabenediktini huko Kansas, Marekani. Wabunge hawakumjibu juu ya bustani, wala juu ya deni ambalo nchi ingelipa. Walimcheka bungeni kwa sababu ndoa yake ilikuwa imevunjika. Rais Moi mwenyewe akasema hadharani kwamba kwa desturi ya Kiafrika mwanamke huwaheshimu wanaume. Mnaona jinsi mazungumzo yalivyohamishwa? Swali lilikuwa la bustani na fedha, nao wakalifanya la tabia njema ya mwanamke.

Yeye hakunyamaza. Waliotarajiwa kutoa fedha wakajitoa, jengo halikujengwa, na mpaka leo watu wa Nairobi hupumzika katika bustani ile. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Kama angaliogopa kuchekwa, leo watoto wa Nairobi wangalikuwa na ukuta wa saruji mahali pa miti.

Yafaa tujiulize pia kipimo hiki tumekipata wapi. Wazee wetu wa hapa wanaijua habari moja ambayo vijana hawaisikii sana. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianzisha kadi ya sifa kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, wale walioitwa kwa Kifaransa évolués. Mwaka 1952 ikaongeza cheo kingine kilicho juu zaidi. Mwanamume aliyekiomba alichunguzwa. Watu wa serikali walifika nyumbani kwake wakatazama namna jamaa inavyokaa na inavyokula, na namna mke anavyoitunza nyumba. Mume ndiye aliyeomba, lakini meza ya mke ilipimwa pamoja naye. Waliopewa walikuwa wachache sana, na wengine wakaona uchungu mpaka kufa kwao.

Katika kambi za Union Minière nako, hapa Kolwezi na penginepo, wavulana walifundishwa ufundi na hesabu. Wasichana na wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika, kupanga meza, kulea watoto. Siwalaumu wale waliofundisha, maana mama zetu walijifunza mengi mema, na sisi watoto tulikula matunda yake. Nasema tu kwamba mvulana alifunzwa kazi na msichana alifunzwa mwenendo, nasi tumeendelea kuwapima hivyo hata leo. Mwanamume twamwuliza amefanya nini. Mwanamke twamwuliza amekaaje.

Sheria nazo zilifuata njia hiyo. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 wanawake wa Kongo hawakupiga kura, na haki hiyo waliipata katika Katiba ya mwaka 1967. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria, kama vile kutia sahihi mkataba. Kifungu hicho kilibadilishwa mwaka 2016 tu, yaani juzi. Hata hivyo wanawake walijitokeza. Sophie Kanza alipata digrii ya Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1964, mwanamke wa kwanza wa Kongo kufika hapo, na mwaka 1966 akawa waziri wa kwanza mwanamke. Tarehe 1 Aprili 2024 Bibi Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza katika historia ya nchi. Na jimbo letu la Lualaba, lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, lilimpata Bibi Fifi Masuka Saini kuwa makamu wa gavana mwaka 2019, gavana wa muda mwaka 2021, na gavana aliyechaguliwa mwaka 2024.

Atakayesema kwamba mwanamke kutawala ni jambo la kigeni lililoletwa na Wazungu, namwomba asafiri mpaka Musumba, katika Kapanga, ndani ya jimbo hili hili letu, awaulize wazee wa Mwant Yav. Watamsimulia habari za Rweej. Baba yake, aliyekuwa mkubwa wa Walunda, alikuwa akifuma mkeka, na chombo cha maji kikiwa karibu naye cha kulowekea nyuzi. Wanawe wa kiume wakaja wamelewa, wakadhani kwamba baba anawanyima pombe, wakamtukana na kumpiga. Binti yake akamtunza. Ndipo mzee akawanyima wana wake urithi, akampa Rweej rukan, bangili ya utawala. Baadaye Rweej aliolewa na Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka kwa Waluba, akampa bangili ile, na kwa hasira ndugu zake wakahama nchi. Hata leo katika baraza la Mwant Yav kiko cheo cha mama mkubwa, Rukonkesh, ambacho hushikwa na mwanamke.

Tuitafakari hadithi hii ya wazee wetu wenyewe. Waliokosa adabu humo ni wanaume, tena walikosa adabu iliyo kubwa, ile ya mtoto kwa baba. Mzee hakutazama nani ana ndevu. Alitazama nani amemtendea wema. Alitumia kipimo kimoja kwa watoto wake wote.

Najua kwamba yako majibu. Wa kwanza atasema, "Mwalimu, wanaume nao huchekwa." Kweli, huchekwa, na mara nyingine wanastahili. Lakini mwanamume akichekwa kwa tumbo lake au kwa Kifaransa chake kibovu, hakuna mvulana darasani anayefuta jina lake kwa sababu hiyo. Tofauti hiyo yatosha kutuonyesha kwamba kicheko cha kwanza na cha pili si kimoja.

Wa pili atasema, "Wanawake wenyewe ndio wanaowacheka wenzao." Hilo nalo ni kweli. Ndiyo maana siandiki kuwagombanisha wake na waume. Mama anayemcheka mama mwenzake anampimia binti yake nguo ile ile ya aibu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wa tatu atasema, "Je, kiongozi akiwa mwanamke, asilaumiwe?" La, alaumiwe sana, lakini kwa kazi yake! Kumnyamazia kiongozi mbaya kwa kuwa ni mwanamke ni kumdharau pia, kana kwamba ni mtoto. Sisi wa Lualaba tunayo maswali ya kumwuliza kila kiongozi, awe mume au mke. Sheria ya Madini ya mwaka 2018 imeamuru kwamba ushuru wa madini ugawanywe hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au sekta yanapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwaka ule ule kobalti ilitangazwa kuwa madini ya pekee kwa taifa, na ushuru wake ukapandishwa mpaka asilimia 10. Kobalti iliyo nyingi ya dunia hutoka katika udongo wetu huu. Basi tuulize: ile 25 ya jimbo imejenga nini? Ile 15 ya mji imefika mtaa gani? Mbona darasa langu lina watoto wawili wawili mahali pa mmoja, na shule ya pili haina maji? Hayo ni maswali ya raia mwenye adabu. Mchuzi juu ya kikwembe hauongezi dawati hata moja.

Tena tukumbuke mama zetu walioko kwenye maji ya kusafishia mawe, wamesimama na miguu ndani ya tope tangu asubuhi, mtoto mgongoni. Shimoni hawashuki, maana wako wanaosema kwamba mwanamke akikaribia shimo madini yatakimbia. Wao huosha, huchambua na kubeba, na mara nyingi hulipwa kidogo kuliko wanaume. Hakuna anayeuliza kama wanakula kwa uma au kwa mkono. Mwanamke akiwa chini, mwenendo wake hautushughulishi. Tunaukumbuka siku anapopanda kiti. Hilo, wapenzi, lanionyesha kwamba tulipocheka hatukuwa tukiilinda adabu. Tulikuwa tukikilinda kiti.

Basi nifanye shauri dogo, la kutendwa nyumbani. Mtu akikuletea video ya namna ile, jiulize neno moja kabla ya kucheka: kama angekuwa mwanamume, ningeona kosa? Ukijibu kwamba usingeliona, usiipeleke kwa mwingine. Wazazi wanaume, hasa ninyi, yaangalieni maneno mnayosema mezani juu ya wanawake wenye vyeo. Binti zenu hawasahau. Nanyi wavulana wa shule, mjue kwamba kumwacha msichana amalize maneno yake katika mkutano wa darasa ni adabu, tena ni ngumu kuliko kushika uma.

Nami nilifanya niliyoweza. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya darasa lile, nikasimulia yaliyotokea chini ya mwembe bila kumtaja yule msichana, nikaomba radhi. Watoto walinyamaza, maana hawakuzoea kumsikia mwalimu akisema kwamba amekosa. Nikamwendea pia yule mzee, nikamwonyesha video, nikamwomba awatazame wale mabwana wawili walioketi kandokando. Akatazama muda mrefu, kisha akasema, "Kweli, Mwalimu. Huyu wa kushoto anakula kama mimi." Akacheka tena, lakini safari hii alijicheka mwenyewe.

Msichana hakulirudisha jina lake. Mkuu wa darasa mwaka huu ni kijana mmoja mwema, naye anafanya kazi yake vizuri. Uchaguzi mwingine utakuwa mwaka ujao. Nilipomwuliza msichana kama atasimama, alijibu, "Nitaona, Mwalimu." Anasema kweli. Ataona namna sisi wakubwa tutakavyosema tangu sasa mpaka siku ile, kisha ataamua.